Tupeane uzoefu: tuliokulia kando ya mto unaopokea maji ya machinjio

Bondeni77: Jana jioni nimepita Daraja la Selander hapa Dar maji yamekupwa, ile harufu ya mto Msimbazi ikanirudisha Kigogo mzimamzima. Kwetu Idd Kubwa ilijulikana kwa rangi ya mto. Waliopitia haya njooni.

Mama wa Watatu: Umenikumbusha mbali. Na wale nzi wa kijani!

Kijukuu cha Pugu: Mnisamehe urefu, hili linaniuma. Desemba 2011, yale mafuriko. Tulikuwa tumepanga bondeni vyumba viwili, mama ana matuta yake ya mchicha na matembele. Maji yalipanda usiku hadi usawa wa dirisha, tukakesha juu ya paa la jirani. Yalipopungua, ukutani kulikuwa na mstari mweupe umezunguka chumba kizima kama umepigwa rula. Mafuta ya ng'ombe, yameganda. Juu ya godoro, majani ya matumboni na kwato moja. Mama alisugua ukuta kwa majivu na maji ya moto siku tatu, ukikauka mstari unarudi. Mdogo wangu akaanza kuhara, akalazwa wiki nzima. Alipona, alhamdulillahi. Ila mimi hadi leo supu ikipoa nikaona ule utando juu, siinywi.

Mama wa Watatu: Pole sana mwanangu. Nimelia.

Kisu Mkononi: Poleni, lakini msitutwishe sisi wa machinjioni mzigo wote. Mto ule una vyoo vya watu, una maji ya viwanda. Na mbona kambare wamo?

Ndoano: Kaka, kambare hupanda juu kuvuta hewa, ndiyo maana anabaki. Perege wako wapi? Damu ikiingia mtoni, vijidudu vinavyoiozesha vinamaliza hewa iliyomo kwenye maji, samaki anakufa hata pasipo sumu. Ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya lita 10 za damu. Piga hesabu ya usiku mmoja.

Kisu Mkononi: Sasa niipeleke wapi? Tajiri hajachimba hata shimo, mimi nalipwa kwa ng'ombe.

Mwana Kajiado: Huku Kiserian, Kenya, kichinjio cha Keekonyokie hugeuza taka hizo kuwa biogesi. Inawezekana.

Ndoano: Au damu ikaushwe iwe chakula cha kuku. Halafu kwetu Tanzania Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sitini! Wengine wanachinja wakiusikia mto ukipita.

Tembele Tamu: Sheria baadaye. Mboga za bondeni tunakula au hatuli? Mimi naosha kwa chumvi.

Mama wa Watatu: Chumvi haitoshi, chemsha ziive.

Bondeni77: Moto unaua vijidudu tu, ya viwandani hayatoki. Acha kabisa.

Shemeji wa Jangwani: Panda kwenye ndoo barazani. Mwenye nyumba akiuliza, mwambie maua.

Bondeni77: Kijukuu, mama bado analima?

Kijukuu cha Pugu: Aliacha tulipohamia Mabwepande. Sokoni humuuliza muuzaji mchicha umetoka bonde gani, na asipojibiwa upesi anarudisha fungu mezani.