Kikundi cha Majirani Kirumba: timu ya Jumamosi

*Mjumbe:* Habari za jioni majirani. Bonanza na wenzetu wa Pasiansi ni Jumamosi saa kumi, wachezaji saba saba. Kocha, weka majina.

*Kocha:* Shikamooni wakubwa. Doto nimempanga aanzishe mpira, apige picha na viongozi, halafu akae benchi na jezi yake. Atafurahi sana.

*Mama Kulwa:* Marahaba Kocha. Asante kwa kumkumbuka, lakini hapana. Doto ana Down syndrome, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, lakini hatakuwa wa picha. Kila jioni yupo mazoezini na Kulwa, anakimbia, anatoka jasho kama wenzake. Kama nafasi ipo acheze, kama haipo tuambiwe.

*Kulwa:* Na watu wasidhani haelewi. Mechi iliyopita kipa wao alijiangusha makusudi, mpira ukaingia, uwanja mzima ukashangilia. Doto kimya. Njiani ananiambia, "Yule aliniachia."

*Baba Neema:* Mama Kulwa, nakuelewa. Ila vijana wa Pasiansi wana kasi. Akiumia je? Na tukifungwa?

*Mwalimu:* Kufungwa tutafungwa tu siku nyingine hata bila Doto 🙏 Special Olympics, shirika la michezo ya wenye ulemavu wa akili, wana soka jumuishi: timu ya saba, wanne wana ulemavu wa akili, watatu hawana. Wanapangwa wanaokaribiana umri na uwezo, na hao watatu hawaruhusiwi kuhodhi mpira. Doto akiwa peke yake kati ya sita bado ni mgeni. Mtaani kwetu wapo wengine, hatujawahi kuwauliza.

*Nesi jirani:* Kuhusu kuumia: baadhi ya wenye Down pingili za juu za shingo huwa legelege. Daktari amwone kwanza, na mpaka hapo asipige mpira wa kichwa. Akianza kulalamika ganzi au mwendo ukibadilika, asimame mara moja.

*Mama Kulwa:* Moyo ulishapimwa hospitali ya Bugando, shingo bado. Nampeleka kesho asubuhi. Daktari akisema asubiri, atasubiri, kama mchezaji yeyote aliyeumia goti.

*Kocha:* Sawa mama. Ila nisaidieni. Nikimwambia "shuka, ziba upande, mwangalie winga," anasimama tu.

*Kulwa:* Hayo ni matatu kwa pumzi moja Kocha. Sema moja, mwonyeshe kwa miguu yako, mwache arudie. Mimi naweka ndala mbili chini: mpira ukifika hapa, mpe Kulwa. Anatoa pasi safi, tena ya mguu wa kushoto.

*Mama Salma:* Jamani na wangu mwenye usonji anapenda sana kukimbia. Filimbi na spika ndivyo vinamshinda. Anaziba masikio na kuondoka, watu wanasema mkorofi. Refa hawezi kutumia kibendera?

*Mjumbe:* Anaweza. Spika hatuwashi. Naongea na mwenzangu wa Pasiansi nao wapange wanne kwa watatu. Nyumba kwa nyumba napita mwenyewe, na nitamuuliza mchezaji, siyo mzazi tu.

*Mwalimu:* Na mechi hiyo isiwekwe saa nane juani wakati watu hawajafika. Iwe saa kumi, ndiyo mechi yenyewe.

*Mjumbe:* Imepita.

*Kocha:* Doto beki wa kushoto, namba tatu. Daktari akiruhusu, kesho saa kumi na moja mazoezini.

*Baba Neema:* Maji katoni mbili juu yangu. Winga wao wa kulia ni mwepesi, Doto aanze kuzoea. Namleta Neema awe anampita pembeni, na asimwachie.

*Mama Kulwa:* Wabeja sana Baba Neema.