Utafiti wa utawala na nchi zilizotoka vitani: nianzie wapi nikiwa Mwanza?

Swali (Nyegezi): Shikamooni wakubwa zangu. Nimehitimu shahada ya sosholojia na ninatamani kutafiti utawala na namna jamii zinavyojijenga upya baada ya vita, hasa Burundi. Je, ni lazima nihamie Dar es Salaam au Nairobi?

Jibu (Igoma): Marahaba, mdogo wangu. Si lazima, wala usidharau ulipo: mwaka 1996 Mwalimu Nyerere aliwakutanisha FRODEBU na UPRONA, vyama vikuu vya siasa vya Burundi, hapa hapa Mwanza, miaka minne kabla ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 wa amani ya Burundi. Wengi huanza kama wadadisi wa muda, yaani watu wanaowahoji wananchi kwa niaba ya watafiti, na ingawa malipo hayana uhakika, huko ndiko mtu anakojifunza kumuuliza mkimbizi habari za shamba aliloliacha bila kumtonesha kidonda, ujuzi ambao mimi nauthamini kuliko cheti chochote.

Jibu (Ilemela): Naongeza lugha. Kifaransa kitakufungulia nyaraka za serikali ya Burundi, na Kirundi kitakufungulia watu. Ukitaka kufanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, fuatilia mapema kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Swali (Nyegezi): Nashukuru sana. Je, nitangulize shahada ya uzamili?

Jibu (Igoma): Tanguliza kazi. Mwombaji anayejua tayari swali analotaka kulitafiti huandika pendekezo lenye nguvu zaidi, na ufadhili huamuliwa kwa kiasi kikubwa na pendekezo hilo.