Je, niendelee kuongoza sala za jumuiya wakati mwenyewe simwoni Mungu?

Mkazi wa Kisasa, Dodoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nilihamia Dodoma mwaka 2019 pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili, baada ya ofisi yetu kuhamishwa kutoka Dar es Salaam. Mwezi Machi mwaka jana mke wangu alifariki kwa ugonjwa wa wiki tatu tu, tukamzika kwao Lushoto, nami nikarudi katika nyumba ambayo kila kilichomo alikipanga yeye. Tangu hapo nikipiga magoti maneno hayaji, na yakija naona yanaishia darini. Mimi ni mzee wa kanisa, na kila Jumamosi alfajiri naongoza sala za jumuiya ya mtaa wetu. Watu huondoka wakisema wamebarikiwa, nami hurudi nyumbani mtupu, nikijiona mnafiki. Je, niendelee au nikae pembeni? Naomba msinijibu kwamba Mungu ana makusudi yake, kwa maana hilo niliambiwa msibani na kila aliyenipa mkono.

Mwinjilisti mstaafu, Chamwino

Pole sana, mwanangu. Isome Zaburi ya 88 polepole. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio zikaishia katika sifa, lakini hiyo inaishia gizani, na wazee waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala hawakuiongezea mstari wa kuitia utamu. Mwenye kuiimba anamlaumu Mungu waziwazi kwamba amemtenga na rafiki zake, ila lawama hiyo anaipeleka kwa Mungu mwenyewe, asubuhi, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua kuna mtu ndani. Unafiki ni kutangaza amani usiyokuwa nayo. Kwa hiyo Jumamosi usitunge sala. Soma Zaburi hiyo mbele ya wenzako, kisha nyamazeni pamoja.

Jambo jingine ni la kwetu Ugogoni. Kiangazi mito yetu hubaki mchanga mtupu, na mgeni akipita hadhani kwamba pale pana maji. Marehemu mama yangu alikuwa akichimba katika mchanga huo kwa kata, akangoja maji yajichuje taratibu hadi ndoo ijae. Alijua pa kuchimba kwa sababu aliwahi kuliona korongo hilo likifurika wakati wa mvua. Nawe uliwahi kumwona Mungu, mwanangu. Kumbuka ilikuwa wapi.

Muuguzi, Mpwapwa

Shikamoo, baba mwinjilisti. Maneno yako nayapokea, ila naomba niongeze jambo, kwa sababu nahofia kaka yetu asije akadhani kwamba anadaiwa kuchimba zaidi wakati mikono yake imekwisha nguvu. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamteremsha. Hatusomi kwamba yeye alisema neno lolote, na imani iliyoonekana ilikuwa ya hao waliombeba. Naye Eliya, alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, na ndipo akapata nguvu ya kwenda siku arobaini hadi Horebu.

Kaka, unalala? Unakula? Nauliza kama muuguzi, kwa kuwa sonona humwondolea mtu ladha ya sala kama inavyomwondolea ladha ya chakula, naye akadhani Mungu ndiye aliyeondoka. Hospitali ya Mirembe ipo hapo mjini kwenu, na inaniuma kwamba watu hulitaja jina lake kwa dhihaka, maana kumwona daktari wa akili si kupungukiwa imani.

Mama wa watatu, Nzuguni

Pole, baba. Mimi ningekushauri upumzike. Nilipofiwa na mwanangu niliacha kuongoza kwaya kwa miezi minne, nikaketi benchi la nyuma, nikaacha wengine waimbe. Katika ibada sikuhisi chochote. Lakini jirani yangu, ambaye ni Mwislamu, aliniletea uji kila jioni, akaketi nami mkekani bila kusema neno mpaka nimalize kikombe. Rafiki za Ayubu nao waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wakiwa kimya, na kwa maoni yangu hapo ndipo walipomfaa kuliko wakati wote uliofuata, walipoanza kueleza. Sikumtambua Mungu katika kikombe kile siku zile. Nilimtambua baadaye sana.

Mkazi wa Kisasa, Dodoma

Asanteni, na shikamoo, baba mwinjilisti. Dada muuguzi, ni kweli kwamba usiku silali zaidi ya saa tatu, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nitakwenda hospitali Jumatatu. Jana jioni nimezungumza na mchungaji wetu, naye amekubali kijana mmoja aongoze jumuiya hadi nitakapokuwa tayari; mimi Jumamosi hii nitasoma Zaburi ya 88 tu, kisha nitaketi. Mwanangu mdogo, ambaye hajawahi kwenda kwenye sala za alfajiri tangu mama yake alipofariki, ameniuliza kama anaweza kuja nami. Nimemwambia tutatoka saa kumi na moja.