Naomba ushauri: mstari nilioushika Jumapili, Alhamisi umekwisha kunitoka

Mwenye uzi (Majengo, Goma)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulitembea katikati ya umati kuelekea mpaka wa Rwanda, anga nyuma yetu ikiwa nyekundu. Simu yangu, ambayo ndiyo Biblia yangu, ilikuwa imezimika. Mama, ambaye hakwenda shule na ambaye Zaburi alizipata kwa kuzisikia kanisani, alikuwa amemshika mdogo wangu mkono huku akisema polepole: «Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso.» Mimi niliyekwisha kuisoma Biblia yote mara mbili sikuweza kumwitikia hata nusu ya mstari.

Tangu hapo najitahidi kushika Maandiko kwa moyo, lakini hayakai. Tena nawaona watoto wetu wa shule ya Jumapili wakikariri sura nzima kwa ajili ya zawadi, kisha wakipigana mlangoni, nami najiuliza kama jambo hili lina faida kweli au ni kazi ya kinywa tu. Naomba mnishauri.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Mwanangu, usivunjike moyo. Mimi naandika mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani karibu na jiko la makaa, na kila ninaposonga bugali nausema kwa sauti, kwanza nikitazama, baadaye bila kutazama. Siku ya saba siongezi mwingine. Narudia uleule hadi wiki ya pili iishe. Wengi wanasahau kwa sababu wanakimbilia mstari mpya kabla wa kwanza haujaota mizizi. Kuhusu faida, Zaburi 119:11 inasema: «Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi.» Mara ngapi nimetaka kumjibu jirani kwa ukali, na mstari wa asubuhi ukanifunga mdomo!

Katekista (Katuba, Lubumbashi)

Namheshimu sana mama wa Kadutu, ila katika jambo moja sikubaliani naye: mstari mmoja mmoja una hatari yake. Watu wangapi wanaijua Wafilipi 4:13, «Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu», na wanaitamka kabla ya mtihani au biashara, bila kujua kwamba mistari miwili iliyotangulia inazungumzia kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa? Tukumbuke pia kwamba Ibilisi naye, alipomjaribu Bwana Yesu, alinukuu Maandiko. Alichukua Zaburi ya 91, na jinsi Mathayo anavyoyaandika maneno yake, yale ya «wakulinde katika njia zako zote» hayamo. Bwana Yesu alimjibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mahali ambapo Israeli wanakumbushwa safari yao jangwani. Hakuwa na gombo mkononi, wala hakunukuu ovyo; alijua neno lile lilisemwa kwa nani na kwa nini.

Kwa hiyo, ndugu yangu, shika kifungu kizima. Zaburi ya 23 ina mistari sita tu. Na wale watoto msiwazuie kukariri, bali waulizeni kila mstari maana yake kabla ya kutoa zawadi.

Kijana wa Himbi (Goma)

Nyongeza fupi: chagua tafsiri moja. Mimi nilichanganya Kifaransa cha shuleni na Kiswahili cha kanisani, na vyote viwili vikanipotea. Shika katika lugha unayoombea ukiwa na hofu.

Mwenye uzi

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimechagua Zaburi ya 46, yote, mistari kumi na mmoja, kwa Kiswahili, na mwalimu wangu ni mama. Kila jioni, baada ya chakula, anakaa juu ya kigoda, anafumba macho, nami nasema. Jana alinikatiza kwenye mstari wa pili, kwa sababu nilikimbilia milima na bahari nikaruka maneno «ijapobadilika nchi». Akanirudisha mwanzo.