Fundi wa dawa, mchwa wa udongo na wa mbao kavu huwajui, basi pesa yangu umeila ya nini?

Salaam waungwana. Leo nina donge, mnivumilie.

Nina samadari, kitanda cha kizamani cha bibi mzaa mama, hapa Mkomani, Lamu. Matendegu, yaani miguu, na vitakizo, miti ya kichwani na miguuni, ni msaji (mtiki) mtupu. Mfumbati mmoja, mti mrefu wa ubavuni, ulivunjika zamani, ukatiwa wa mwembe. Tangu Ramadhani nafagia chenga chini ya mfumbati huo. Jioni nafagia, asubuhi kirundo kiko pale pale, utasema mtu kamwaga ufuta. Nikamwita fundi wa dawa kutoka nje ya kisiwa, nauli ya boti juu yangu.

Hata kuketi hajaketi, ananiambia, "Mamangu, hao ni mchwa tu. Nyumba nzima yataka dawa." Hakuinama. Hakuwasha hata tochi ya simu. Akatoboa sakafu kandokando ya ukuta, akamimina dawa kutoka kidumu cha maji kisicho na karatasi wala jina, akapuliza kuta mpaka paka akahama, akapokea shilingi 18,000. Wiki ya pili kirundo kimerudi. Nampigia simu: "Dawa haijashika, mama, tuongeze." Akaja akaongeza, 6,000 nyingine, na safari hii akaupaka mfumbati oili chafu. Sasa nalala kwenye kitanda kinachonuka gereji, na mchwa wanaendelea kula.

Ndipo nikakaa chini mwenyewe. Chenga nikazimwaga kwenye kisahani cheupe, nikazipiga picha, nikaivuta picha mpaka mwisho. Kila chembe ina urefu wa kama milimita 1, ncha zake mviringo, ubavuni ina pande 6 kama iliyochongwa na sonara. Huo si unga wa mbao, waungwana, ni mavi ya mchwa wa mbao kavu. Hawa wanaishi ndani ya mti wenyewe, na unyevu kidogo ulio mle unawatosha; udongo hawana haja nao. Wanatoboa kitundu, wanasukuma uchafu nje, wanakiziba. Anayepanda ukutani na njia yake ya tope ni yule mwingine, wa udongo. Kwangu tope halipo hata la ukucha. Sasa sakafu yangu ilitobolewa ya nini? Sumu imelala chini ya saruji, na mwenye kula yuko juu, ndani ya mfumbati, hana habari.

Simlaumu kwa kutojua jina la kitabuni. Namlaumu kwa kutotazama, maana uchafu wenyewe unasema. Ungekuwa laini kama poda ya mtoto, na vitundu duara vya milimita 1 hadi 2, hapo tungesema ni yule mbawakawa mdogo anayefuata wanga katika mbao nyeupe ya nje ya mti; moyo wa mti haugusi. Ndiye anayefanya kabati jipya la mbao zisizochaguliwa limwage unga kabla hujamaliza kulilipia. Ungekuwa tundu la kuingia kidole, safi, na vumbi la msumeno chini yake, huyo ni nyuki mweusi mnene anayevuma barazani; anatoboa apate pa kuwekea watoto, mti hali. Na ukiona vitundu vyeusi ukingoni, havitoi kitu hata ukigonga, jua mpangaji alishahama, labda kabla hujazaliwa. Kuna watu wanauziwa dawa ya vitundu hivyo! Tandika karatasi nyeusi usiku mmoja, asubuhi utajua kama kuna mtu nyumbani.

Wenye majahazi pale Matondoni hawadanganywi hivi. Mtobozi wa chombo ni wa baharini, tena wala si mdudu, ni jamaa wa chaza. Wao wanapandisha chombo pwani, wanakipaka deheni ya chokaa na mafuta, kwa sababu wanamjua wanayepigana naye. Sisi wa vitanda mchwa ni mchwa, mpe mtu pampu.

Nimeshaambiwa niitoe samadari juani, mchwa wafe kwa joto. Sheria ya mataifa ya mbao za kufungia mizigo inataka moto wa nyuzi 56 ufike katikati ya mbao kwa dakika 30. Jua la uani kwangu litaufikia lini moyo wa tendegu nene kama paja? Litanipasulia msaji tu. Msaji wenyewe mpaka leo mzima, ni huo mfumbati wa mwembe unaolia puu ukiugonga.

Ninachotaka ni viwili. Kwanza 24,000 zangu, na fundi akisoma hapa anajijua. Simu yake tangu Jumatatu ni "mteja hapatikani". Pili, kama kuna mtu Shela, Langoni au hata Malindi mwenye kutia dawa kwa sindano, tundu kwa tundu, dawa yenye karatasi na iliyosajiliwa, aandike hapa. Au seremala mwenye kipande cha msaji mkavu, futi 6 na nusu, niutoe huu mwembe niuchome. Picha ya kisahani naiweka chini. Wa pampu asinijibu.