Sambaza ya Kivu tuiongezee damu ya Tanganyika ama tuache?

Bandugu, juzi pale soko ya Nyawera, hapa Bukavu, mama moja ananipimia kikombe cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, nikamuuliza mbona zimekuwa ndogo hivi, kidogo tu zipite kwa kichujio. Mzee moja mvuvi alikuwa kando njo akajibu: hizi ni za ukoo moja, zinaoana ndugu kwa ndugu tangu wazungu wazilete, inafaa twende Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, tuchukue zingine zichanganye damu. Tangu siku ile kwetu nyumbani tumegawanyika.

Kwa wale hawajui, sambaza si mwenyeji hapa. Wabelgiji walitoa vitoto Tanganyika kwenye mwaka wa 1959 wakavimwaga Kivu, sababu katikati ya ziwa hapakuwa samaki wa kula vile vidudu vinavyoelea. Waliweka aina mbili, Stolothrissa haikushika, Limnothrissa njo hii tunakaanga. Na babu zake wa zamani sana walitoka baharini, ni jamaa na sardini ya kopo!

Mzee si mjinga, aina za damu ya samaki ni kama rangi za maharagwe. Weka maharagwe ya rangi kumi ndani ya mufuko, chota kiganja kimoja ukipande shamba lingine: ile rangi ya nadra inaweza kubaki mufukoni, na haitarudi hata shamba lijae namna gani. Na Kivu hakuna nyingine itapanda yenyewe, mto Ruzizi unashuka kwenda Tanganyika, kuna maporomoko na mabarrage ya kuzuia maji. Semeni basi.

— Mwana wa Ziwa:
Mimi naunga mkono mzee. Mbuzi tunaazima dume kwa jirani, samaki kwa nini hapana? Siku ugonjwa utaingia na zote zina damu moja, zitakufa zote asubuhi moja na sisi tutakula nini, fufu na chumvi? Watu wa proje wanakuja na seminere kila mwaka hakuna mutu anagusa hii neno.

— Dada wa Ibanda:
Ee ndugu yangu, pole pole. Dume ya jirani unaiona, unajua kama inakohoa. Ndoo ya maji ya Tanganyika utaonaje iko na nini? Tangu 2006 tunaona humu Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, anakula chakula kile kile cha sambaza, nani alimuomba? Na sambaza yenyewe ilipofika, kidudu moja cha Kivu kinaitwa Daphnia curvirostris kilipotea. Halafu udogo si lazima iwe damu. Kule ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, walipeleka samaki huyu huyu 1967 na 1968, wanamuita kapenta, naye ni mdogo kuliko wa Tanganyika, chakula na vile anavuliwa vinafanya mengi. Rwanda wenzetu wanafunga uvuvi miezi miwili kwa mwaka, sisi tunavua na chandarua ya mbu usiku na mchana halafu tunasema eti ni ndoa za ndugu 😂

— Mwana wa Ziwa:
Chandarua nakubali. Lakini hujajibu ugonjwa.

Nirudie mimi niliyeuliza. Ugonjwa kweli haujajibiwa, na mie sina jibu rahisi. Ila wataalamu waliosoma jeni za sambaza ya Tanganyika walikuta toka kaskazini hadi kusini karibu ni ukoo moja mkubwa unaochanganyika, basi kwenda Uvira kaskazini ama Moba kusini pengine ni kulekule. Mimi ningeanza kwa kupima: mikia mia ya Goma, mia ya Kalehe, mia ya hapa Bukavu, na mia ya Uvira, tuone ni rangi ngapi za maharagwe zimebaki kwetu, mbele mutu hajabeba ndoo. Kama zimebaki nyingi, mzee atafute maneno ingine. Kama ni mbili tatu tu, Dada wa Ibanda tutabishana upya.

Mama wa Nyawera nilimpitia jana nikamueleza yote hii. Akaniuliza kama ninanunua ama ninasoma.