Mtumishi akisema "acha dawa, umeshapona", ashtakiwe?

Nyegezi Mpya: Wakuu, huku mtaani kwetu kuna kanisa la maombezi, sitalitaja. Mtu anaitwa mbele, anashuhudia, kopo lake la ARV, dawa za VVU, linainuliwa juu, watu vigelegele. Maombi siyapingi, Yakobo 5:14 ipo. Ila anayemwambia mgonjwa aache dawa, ashtakiwe au ndiyo uhuru wa kuabudu? Tena maji ya upako chupa elfu tano, wakati Babu wa Loliondo, kwa kikombe cha dawa yake ya mizizi, alichukua mia tano tu.

Mama Kulwa: Ulianza vizuri. Sasa mtumishi wa Mungu unamlinganisha na mzee wa kuchemsha mizizi?

Dagaa wa Kirumba: Huyo mzee alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, mama. Na yeye alisema kaoteshwa na Mungu. Ya kwake ina kasoro gani?

Mama Kulwa: Wetu hauzi mizizi.

Dagaa wa Kirumba: Anauza maji ya bomba. MWAUWASA, mamlaka ya maji Mwanza, wakijua watadai chao.

Ng'wana Igoma: Kikombe kilikuwa elfu moja.

Dagaa wa Kirumba: Mia tano! Nilikuwepo Samunge kwa Babu 2011, foleni ya magari huioni mwisho.

Ng'wana Igoma: Shemeji alilipa elfu.

Dagaa wa Kirumba: Basi shemeji kala chenji yako.

Nyegezi Mpya: Na Moshi 2020 je? Watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako.

Mama Kulwa: MV Bukoba ilizama 1996 hapo Bwiru, mbona meli hamjazipiga marufuku?

Sista wa Zamu: Niko CTC, kliniki ya wanaotumia ARV. Hicho cheti kinachosomwa madhabahuni tumekitoa sisi: kipimo cha wingi wa virusi, "havionekani". Havionekani kwa sababu anakunywa dawa! Akiacha, vinarudi ndani ya wiki chache tu, na vinaweza kuja sugu. Tunampokea tena amekonda, na kadi hana, kaichana.

Mama Kulwa: Ninyi manesi nyamazeni kabisa. Dirishani kwenu naitwa "wewe wa dawa", faili langu linatajwa foleni nzima inasikia. Kwa mtumishi naitwa mama, na kiti napewa. Nani kanifukuza hospitali?

Sista wa Zamu: Pole, mama. Lakini kiti hakishushi virusi.

Mama Kulwa: Unaona mdomo huo?

Ng'wana Igoma: Hapo kwa manesi niko na Mama Kulwa. Wife alivyojifungua alitukanwa mpaka ukoo.

Nyegezi Mpya: Jamani, mada ni maombezi.

Ng'wana Igoma: Subiri kwanza, huyu nesi ajibu.